Maji Yametoka, Dada Yetu Tumsaidieje?

Safu ya Shangazi

Masika haya barua zenu karibu zote ni za maji. Maji Kigogo, maji Mkwajuni, maji Tandale, hata Unguja wameandika. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati za Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na upande wa mama yangu wote ni watu wa Hananasifu na Magomeni, kwa hiyo Mto Msimbazi naujua kiangazi na naujua masika. Barua zinazofanana nimeziunganisha. Ninachokiona katika nyingi ni kwamba ndugu moyo wa kusaidia wanao, na vijisenti wanavyo, ila wanakimbilia kununua vitu wakati aliyepatwa bado anahitaji mikono. Ukifika wakati wa kununuliwa vitu, wao wamekwisha choka na kila mtu karudi kwake. Hilo nitalirudia humu ndani, mnivumilie.

*Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu anaishi Kigogo na mumewe na watoto wanne. Juzi maji ya mto yaliingia ndani usiku yakafika kwenye madirisha. Wao wazima, wamejihifadhi kwa jirani mwenye ghorofa, lakini vitu vyote vimelowa. Sisi ndugu tumetawanyika, wengine Mbagala, wengine Morogoro, mmoja Mwanza. Tumefungua grupu la WhatsApp, tumechanga, lakini kila mtu anasema lake. Kaka anataka kununua kitanda na godoro leo hii. Mimi nataka kwenda kudeki. Tuanzie wapi? – Dada mkubwa, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Tushukuru Mungu watu wametoka wazima.

Godoro la kaka lisubiri. Nyumba iliyotoka majini haina pa kuliweka. Sakafu ni tope, kuta zinachuruzika, na kwa mawingu ya Aprili maji yanaweza kurudi wiki ijayo. Mwambieni pesa yake aitunze, ina kazi kubwa mbele na nitaitaja.

Kabla mtu hajavuka kizingiti, ulizeni habari ya umeme. Maji yaliyofika dirishani yamepita ndani ya soketi zote za chini na yameacha tope humo. Meni swichi izimwe. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, usiiguse, wapigieni TANESCO wakate nje. Wala msidanganyike kwamba LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, imeisha basi hakuna hatari, maana jirani anaweza kuwa amevuta waya kupitia ukuta huohuo. Friji, feni na televisheni zikae bila kuchomekwa mpaka fundi umeme azifungue na aangalie na nyaya za nyumba. Ule mtindo wa "ngoja tujaribu kama bado inafanya kazi" umeniletea zahanati watu walioungua viganja, na mmoja hakufika zahanati.

La pili, yajueni hayo maji ni maji gani. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio na viwanda, unakuja Kigogo, unateremka Jangwani mpaka baharini pale Daraja la Salender. Njiani unakusanya kila choo cha shimo kilichofurika, na vingine vimetapishwa makusudi. Kwa hiyo tope lililoko sebuleni kwa mdogo wako lihesabuni kuwa ni kinyesi, hata kama halinuki. Kila anayeingia avae mabuti ya mvua na glavu za mpira. Mwenye kidonda mguuni abaki nje apokee ndoo. Anayechomwa na msumari asiseme "ni kidogo", aende akachomwe sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Na mtu akipata homa kali, kichwa na maumivu ya misuli ndani ya wiki mbili tatu zinazofuata, akifika kwa daktari aseme wazi kwamba alikanyaga maji ya mafuriko. Wengi hupimwa malaria, ikikosekana wanarudishwa nyumbani, kumbe ni ule ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya kwenye maji, ambao mwaka 2022 ulitokea Lindi na serikali ikauita homa ya mgunda. Daktari akiambiwa mapema ana dawa za kuutibu.

Sasa kazi yenyewe. Tope litoeni likiwa bichi, kwa chepe, ndoo na mfagio wa chelewa. Likishakauka mtalichonga na sakafu itamenyeka. Anzeni ukutani mkishuka chini, na anzeni na maji ya sabuni, maana Jik, ile dawa ya klorini, ikikutana na tope inaishia kwenye tope. Ukuta na sakafu vikishakuwa safi kwa macho, ndipo mchanganye Jik: ile ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kopo moja kwa makopo sita ya maji. Pakeni, iacheni dakika kumi, suuzeni. Milango na madirisha yawe wazi. Na jamani, Jik isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, mvuke wake unaziba pumzi na chumba cha Kigogo ni kidogo.

Choo chao msikiingie kabla ya kukikagua. Shimo lililojaa maji kuta zake hulegea, na sakafu inaweza kutitia na mtu juu yake. Gongeni kwa mti mrefu, tazameni nyufa pembeni. Kama kuna shaka, waombe choo kwa jirani mpaka fundi aone.

Umetaka kwenda kudeki, na umewaza vizuri, lakini usiende peke yako na msiende wote Jumamosi moja. Jumamosi ya kwanza kila mtu ana huruma. Nyumba inajaa shemeji na mashoga, hakuna pa kusimama, na mwenye nyumba anageuka kuwa mpishi wa wageni waliokuja kumsaidia. Nimeliona hili mara nyingi na linaniudhi. Anayekwenda kusaidia aende na chakula chake, maji yake ya kunywa na ndoo yake. Wawili wenye nguvu waende siku ya kwanza kutoa tope. Wewe wa Mbagala, kama bomba lako linatoa maji, kazi kubwa unayoweza kuifanya ni nguo. Lete viroba, beba nguo zote na mashuka na mapazia, peleka kwako kwa bajaji, fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara mbili, anika. Mdogo wako kule hana maji safi wala kamba wala jua. Kumrudishia sare za shule zikiwa zimepigwa pasi ni msaada ambao grupu lenu lote halijaufikiria, na ndio utakaowafanya watoto warudi darasani Jumatatu.

Wa Morogoro na Mwanza wasikae wanatoa maagizo. Mmoja wao awe msemaji, apokee simu za ukoo mzima. Mtu aliyefurikiwa anapigiwa simu kutwa nzima na kila simu anasimulia upya jinsi maji yalivyoingia, na simu yenyewe ina asilimia kumi ya chaji. Msemaji ampigie yeye tu, asubuhi na jioni, na asimuulize "unahitaji nini?" peke yake. Swali hilo ni kubwa mno kwa mtu ambaye hajalala, atajibu "hamna shida". Muulizeni vitu vyenye majina: dawa za presha za mume zipo? Pedi zipo? Kuna chupi kavu? Jiko lilisombwa na maji? Mkaa upo? Mtoto mdogo analalia nini leo? Hapo atawajibu.

Kabla ya kusafisha, pigeni picha: alama ya maji ukutani, vitu vilivyoharibika, kila chumba. Halafu mume aende ofisi ya serikali ya mtaa aandikishe kaya yake, na ahakikishe idadi ya watu imeandikwa sawasawa. Msaada ukija unapita kwenye orodha hiyo. Picha hizo ni za ofisi ya mtaa na za kwenu ninyi. Msiziweke status. Mdogo wenu akiwa amejifunga khanga moja yenye tope hapaswi kuonwa na watu aliosoma nao.

Maji ya kunywa wachemshe, au watumie vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, hata kama ni ya bomba, kwa sababu mabomba yaliyopasuka yananyonya uchafu. Mtoto akianza kuharisha, ORS ya kurudisha maji mwilini, na zahanati. Msisubiri kesho.

Na pesa ya kaka? Desemba 2011 Dar ilipopata mvua kubwa ambayo wazee waliilinganisha na ya 1954, watu wapatao 40 walifariki, na wengi wa bondeni baadaye walipewa viwanja Mabwepande. Nilikuwa nahudumia kambi za shule wakati ule. Wiki ya kwanza vyakula vilikuwa vingi mpaka vingine vikaharibika. Januari shule zilipokaribia kufunguliwa na watu kutakiwa kuondoka madarasani, mtu wa kuuliza "una kodi?" nilimtafuta kwa tochi. Kwa hiyo kaka asubiri wiki ya nne. Wakati huo mdogo wenu atakuwa anajua kama anarudi Kigogo au anahama, na kama kuna pa kuweka kitanda. Pesa hiyo huenda ikawa kodi ya miezi mitatu ya chumba Chanika au Kinyerezi, na hilo ni kubwa kuliko godoro. Aamue yeye na mumewe. Ninyi mseme tu kwamba pesa ipo.

*Shangazi shikamoo. Mama yangu ni mtu mzima, anaishi Tandale karibu na Mto Ng'ombe. Maji yalifika magotini ndani. Tumekuja na kirikuu kubeba takataka lakini hataki tutupe kitu. Godoro limelowa, kabati la mninga, albamu ya picha za harusi yake, Msahafu wa marehemu baba na gunia la mchele. Anakaa juu ya kitanda ananitazama tu. Nimeshindwa, tumegombana. – Kijana wake, Kinondoni*

Marahaba baba. Kirikuu lirudishe kwanza.

Mama yako jana alikuwa na nyumba na leo anaona mwanawe anaipakia kwenye gari. Kwake, kila unachonyanyua ni kama unamwambia kwamba maisha yake na baba yako yamekuwa taka. Anza na vinavyopona. Akiona umekaa chini na picha zake mkononi, habari ya godoro mtazungumza vizuri.

Picha zina haraka kuliko vyote, kwa sababu zikikaukia pamoja zimekwisha. Chukua beseni la maji safi ya baridi. Fungua albamu taratibu, toa picha moja moja ukishika pembeni, usiguse uso wa picha kwa kidole. Zilizogandana usizivute, zitumbukize kwenye beseni uziache mpaka zenyewe ziachane. Zisuuze tope kwa kuzitikisa ndani ya maji, badilisha maji yakichafuka. Halafu zilaze juu ya khanga safi kivulini, uso ukitazama juu, au zitundike kwa vibanio pembeni kabisa. Jua kali litazikunja. Picha za zamani za studio, zile za rangi nyeusi na nyeupe, huvumilia maji kuliko hizi za rangi, kwa hiyo usikate tamaa na za harusi. Mwambie mama akae hapo hapo akutajie nani ni nani, na wewe andika kwa penseli nyuma zikikauka. Kama hamtamaliza leo, zilizobaki ziache ndani ya maji safi mpaka kesho, zitavumilia. Zisikauke tu zikiwa zimeshikana.

Msahafu usimame wima ukiwa umefunguka kidogo, mahali penye upepo na mbali na jua, na kila baada ya kurasa kadhaa mchomeke karatasi nyeupe kavu, mkiibadilisha inapolowa. Usilazimishe kurasa zilizoshikana. Kama tope limeingia na hausomeki tena, muulizeni imamu wa msikiti wenu namna ya kuuhifadhi kwa heshima. Msiamue ninyi vijana.

Kabati la mninga mama yako yuko sahihi. Mninga ni mti wenyewe, si mbao za kugandisha. Toeni droo zote zikiwa bado zinatoka, lioshwe kwa sabuni, lipanguswe kwa Jik iliyochanganywa, likauke kivulini taratibu kwa wiki kadhaa, milango ikiwa wazi. Mkiliweka juani litapasuka, na kosa litakuwa lenu, si la maji. Lakini kabati za mbao za unga wa kushindilia zikishavimba hazirudi, hizo ziondoeni.

Godoro la sponji lililolowa maji ya vyoo halisafishiki. Hata likianikwa siku kumi juu ya bati, ndani linabaki na uchafu, na mtu mzima mwenye kifua hafai kulalia hapo. Hapa lazima usimame imara, lakini usilitoe kabla hujaleta jingine. Kwa mama yako pesa ya godoro haingoji wiki ya nne, kwa sababu kitanda kipo na maji yaliishia magotini. Ingia na jipya, tandika shuka, mwache akae juu yake. Ndipo utoe la zamani, na ulikatekate kabla ya kulitupa. Nakuambia hivi kwa sababu likibaki zima jalalani kuna mtu atalichukua akawalaze watoto juu yake.

Mchele utupwe, na unga, na sukari, na maharage, na kila kilichokuwa kwenye kiroba au mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mkono. Ninajua watu wanauanika wakauosha wakaula. Ninajua na bei ya mchele. Lakini nimewawekea dripu watu wa kipindupindu, na kinaanza hivyohivyo. Makopo ya chuma ambayo hayajabonyea yaoshwe kwa sabuni, yapanguswe kwa Jik, yatumike. Mtungi wa gesi nao: osheni, lakini msiuwashe mpaka mpira na regyuleta vibadilishwe.

Ukishamaliza hayo, muombe mama radhi kwa kugombana naye. Muulize anataka kulala wapi leo.

*Assalaam alaikum Bibi. Miye niko Muscat, kaka yangu yuko Sebleni, Unguja. Maji yameingia kwake tena mwaka huu. Sisi huku tumeyaona mafuriko ya Aprili 2024 ya Oman, tunajua hali yake. Kaka anataka pesa apige lipu upya na rangi kabla ya Idi. Miye nilikuwa nimenunua zulia na makochi nipeleke kwa kontena. Mume wangu anasema nisitume pesa bila risiti. Nifanye nini? – Dada yake*

Waalaikum salaam mwanangu. Makochi na zulia vibaki Muscat mpaka kuta zikauke, na kuta hazitakauka kabla ya Idi.

Tofali la saruji linanyonya maji kutoka chini na kuyapandisha juu ya ile alama unayoiona. Nje ukuta unaonekana mkavu, ndani bado umelowa. Ukipiga lipu na rangi juu yake umefungia maji ndani, na kwa unyevu wa Unguja baada ya miezi michache utaona malengelenge, unga mweupe wa chumvi unatoka, kuvu nyeusi inapanda nyuma ya kabati, na pesa yako inaanguka sakafuni vipande vipande. Kaka afanye hivi: achukue kipande cha nailoni nyeupe, kama sentimita arobaini kwa arobaini, akibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kilale usiku mzima. Asubuhi akikuta umande upande wa ndani, ukuta bado. Arudie wiki ijayo, sehemu nyingine. Lipu iliyolegea, anayoigonga ikatoa sauti ya uwazi, aibandue sasa hivi mpaka juu ya alama ya maji ili tofali lipumue. Hiyo haihitaji pesa nyingi, inahitaji nyundo na patasi na kijana mmoja.

Idi watu wasali, wale, wapokee wageni kwenye mkeka na kuta zikiwa wazi. Hakuna aibu. Sebleni nzima iko hivyo.

Kuhusu risiti. Mumeo ana haki ya kujua pesa ya nyumbani kwenu inakwenda wapi, lakini kaka yako ni mtu mzima aliyepoteza vitu vyake, na kumdai karatasi ya kila ndoo ya mchanga ni kumvunja. Gaweni. Kiasi kimoja kitume leo, cha kula na ada za skuli na daftari za watoto, na hicho usikiulizie. Cha ujenzi kitume kwa awamu, kazi ya kwanza ikionekana kwa picha ndipo ya pili. Lipeni fundi moja kwa moja kama kaka mwenyewe anaafiki. Na kabla ya lipu muulize jambo la maana zaidi: maji yameingia tena mwaka huu, yataingia na mwaka ujao. Pesa ya zulia na makochi inaweza kuinua kizingiti kwa tofali mbili, kuhamishia soketi juu ya kiuno, na kutengeneza rafu ya zege ya kuwekea vyeti na magodoro. Aende kwa sheha aulize kama kuna mpango wa mtaro mtaani kabla hajajenga, asije akainua kizingiti halafu barabara ikainuliwa kuliko yeye.

*Shangazi, shikamoo. Familia ya shemeji yangu ilifurikiwa Jangwani, wamekuja kwetu Gongo la Mboto. Sasa tuko watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili na sebule. Wiki ya tatu hii. Mke wangu na mke wa shemeji hawasemeshani kwa sababu ya jikoni. Na mtoto wao wa miaka saba kila radi ikipiga anaamka analia, anaamsha nyumba nzima. Siwezi kuwafukuza ndugu wa mke wangu. – Mwenye nyumba*

Marahaba. Mmefanya jambo jema na zito, na kuchoka kwenu si ubaya.

Kwenye jiko, wenye nyumba huwaambia wageni "kaeni tu, mpumzike", wakidhani wanawakirimu. Siku tatu ni ukarimu. Wiki ya tatu mwanamke aliyezoea kuendesha nyumba yake anakaa sebuleni kama mgonjwa, anasikia sufuria za mwenzake, anajiona mzigo, na maneno yanaanza. Mpeni jiko kwa zamu, siku yake apike yeye kwa namna yake, na chumvi yake. Shemeji naye achangie hata kama ni mkaa na sabuni tu, na mpokee bila kusema "acha bwana".

Kisha wanaume wawili mkae nje, mzungumze tarehe. Msiogope. Mwenye kukaa bila tarehe ana wasiwasi kuliko mwenye nyumba. Mkubaliane, kwa mfano, mwisho wa mwezi ujao, na mtafute pamoja wapi watakwenda. Jangwani msirudishane. Pale maji yanafunga Barabara ya Morogoro, na mabasi ya mwendokasi yamefurikiwa karakanani kwao zaidi ya mara moja, na bonde lote sasa limo kwenye mradi mkubwa wa Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia na nyumba zimebomolewa. Kama walikuwa wapangaji, shemeji aende kwa mwenye nyumba wake wa zamani aulizie kodi aliyolipa mbele. Akigoma, mwenyekiti wa serikali ya mtaa awakutanishe. Ukoo wote wa mkeo uchangie kodi ya pa kuhamia, maana mpaka sasa mnabeba ninyi peke yenu na wengine wanatuma salamu.

Mtoto huyo msimwambie "acha uoga, wewe mwanaume". Ameona maji yanaingia kitandani usiku. Mpeni begi dogo aliweke karibu na anapolala, ndani mna nguo zake, viatu na kurunzi. Mwonyesheni kwa miguu mnakopita mvua ikizidi: mlango huu, kona ile, kwa mama fulani. Mvua ikianza, mtu mzima mmoja aamke akae naye, amwambie kinachotokea. Siku baada ya siku uoga wake utapungua. Ikipita miezi miwili bado hali wala halali, au ukimsikia mtu mzima yeyote mle ndani anasema heri angekufa na maji, mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, waulizieni huduma ya afya ya akili. Shemeji mwenyewe mwangalie. Wanaume wengi wananyamaza mpaka wanaugua presha.

*Shangazi, jirani yangu anasema mvua kubwa ikija tufungulie choo kitoke na maji, ni bure. Wengi wanafanya. Ni sawa? – Mpangaji, Manzese*

Si sawa, na ni kosa kisheria. Kile mnachokifungulia Manzese ndicho tulichokitoa kwa chepe sebuleni kwa watu walioko chini yenu. Choo kikijaa, kodini gari la majitaka kabla ya masika, nyumba nne tano mchangie safari moja. Ofisi ya mtaa wanazo namba za wenye magari. Kama uchochoro ni mwembamba na gari halifiki, ulizeni wenye pampu ndogo za mkono wanaobeba kwa mapipa mpaka kwenye gari. Hao bei yao ni ya kuelewana.